KASHA DOGO AU KASHA KUBWA?

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Mimi si mtu wa kubishana na wahenga, lakini kuna jembe la siku hizi ambalo asiyelichagua vizuri atavuna hasara tupu. Jembe hilo ni kompyuta ya kujiundia nyumbani. Tena sizungumzii prosesa wala ramu, vitu ambavyo kila kijana huvikimbilia kwanza akitaka kuwaringia wenzake. Nazungumzia lile kasha la nje, lile bati ambalo watu wengi hapa kwetu huliita "sipiyu", ilhali sipiyu yenyewe ni kidude kidogo kilichomo ndani, kisichojaza hata kiganja. Wapenzi wasomaji, mkinipa sikio kidogo nitawaeleza jinsi sanduku tupu lilivyozua mjadala wa majuma matatu nyumbani kwetu hapa Machakos, na mafunzo niliyoyapata.

Mama alikuwa amepata zamu yake katika chama cha akina mama. Baada ya kulipa madeni ya hapa na pale alibakiwa na shilingi 45,000. Mama ana kibanda cha mabati kando ya barabara ya murramu, nje kidogo ya mji, ambamo huuza kalamu, madaftari na vocha za simu. Aliona jinsi watu walivyokuwa wakitembea hadi mjini kutafuta saiba ya kuchapisha barua za kuomba kazi, kujaza ritani za kodi katika iTax, au kuomba cheti cha kuzaliwa kupitia eCitizen. Akasema, "Kwa nini watu hawa wanipite?" Basi akaazimia kununua kompyuta na printa. Karo yangu ya mihula iliyofuata ilitegemea kazi hiyo ishike. Kwa hivyo, msomaji, usidhani ulikuwa mchezo wa watoto.

Nyumbani tulikuwa na wataalamu wawili. Wa kwanza ni kaka yangu mkubwa, ambaye husoma chuoni Nairobi na amejiundia kompyuta yake mwenyewe katika chumba alichopanga. Wa pili ni mjomba, fundi wa redio na televisheni kwa miaka mingi, ambaye siku hizi hutengeneza chochote chenye waya. Walikubaliana kwamba kununua vipande na kuviunganisha wenyewe kungetupa kompyuta nzuri kwa fedha zile. Walikubaliana juu ya prosesa, juu ya ramu na hata juu ya printa. Lakini walipofika kwenye kasha, wakafarakana. Kaka akataka dogo. Mjomba akataka kubwa. Mimi nikapewa kazi ya kuandika hoja za kila upande katika daftari, kwa kuwa, kama alivyosema mama, "Huyu ndiye huandika insha."

Kwanza tuelewane kasha hufanya nini. Ndani ya kompyuta ya mezani mna bodi kuu, ambayo mafundi huiita madabodi, na juu yake ndipo hupachikwa prosesa, ramu na kadi nyinginezo. Mna pawa saplai, ambayo huupokea umeme wa volti 240 kutoka ukutani na kuugawa katika volti 12, volti 5 na volti 3.3 ambazo vipande vya ndani vinaweza kuzistahimili. Mna diski ya kuhifadhia kazi, na mna feni za kutolea joto. Kasha ni nyumba ya hawa wote. Na kama ilivyo nyumba yoyote, linaamua nani ataingia, atalala wapi, na kama atapata hewa.

Nyumba hizi hazijengwi ovyo. Mwaka wa 1995 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa kipimo kiitwacho ATX, ambacho bodi yake kamili ni milimita 305 kwa 244, yaani inaizidi kidogo karatasi ya A4. Baadaye, mwaka wa 1997, kikaja kipimo cha microATX, ambacho ni mraba wa milimita 244. Kisha mwaka wa 2001 kampuni ya VIA ya Taiwan ikaleta Mini-ITX, mraba wa milimita 170 tu, ambao eneo lake linakaribiana na lile la daftari dogo la shule. Sasa hapa ndipo palipo na ufunguo wa mambo yote: mashimo manne ya skrubu ya bodi ndogo yamepangwa yalingane na manne ya bodi kubwa. Kwa hivyo bodi ndogo huingia katika kasha kubwa bila taabu. Bodi kubwa haiingii katika kasha dogo hata ukiisukuma kwa goti.

Kwa wale ambao hawajawahi kuyaona makasha haya yakiwa pamoja, nitatumia kipimo ambacho kila Mkamba anakijua, yaani mtungi wa maji wa lita 20. Kasha dogo la Mini-ITX kwa kawaida halifiki ujazo wa mtungi mmoja. Kasha kubwa la ATX, lile la kusimama wima, ni kama mitungi miwili au zaidi.

Tuanze na upande wa kaka, maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Hoja yake ya kwanza ilikuwa nafasi. Kibanda cha mama ni cha hatua tatu kwa nne, na humo tayari mna rafu, kiti, meza na sasa printa. Kasha kubwa lingekaa wapi? Hoja ya pili ilikuwa wezi. Kibanda ni cha mabati, na mabati hukatwa kwa mkasi. Kompyuta isingeweza kulala pale hata usiku mmoja. Kila jioni ingelazimika kubebwa hadi nyumbani, na kila asubuhi kurudishwa. "Sasa niambieni," kaka akauliza, "nani atabeba jokofu kila siku?" Hata mjomba alinyamaza kidogo. Hoja ya tatu ilikuwa kwamba kasha dogo lingepunguza matumizi ya tokeni za stima.

Hoja hiyo ya tatu mjomba aliipangua mara moja. "Wewe kijana, bati halili stima," akasema. "Stima huliwa na prosesa na kadi ya picha. Prosesa ileile utakula nayo tokeni zilezile, uiweke katika kiberiti au katika kabati." Kaka akakubali, kwa sababu ni kweli. Kompyuta nyingi ndogo hutumia umeme kidogo kwa kuwa ndani yake mmetiwa vipande visivyo na njaa. Vipande hivyohivyo unaweza kuvitia katika kasha lolote.

Upande wa mjomba ulianza na bei. Watu hudhani kitu kidogo ni rahisi, kama vile mandazi madogo. Katika kompyuta mambo huenda kinyume. Bodi ya Mini-ITX kwa kawaida huuzwa ghali kuliko ya microATX yenye uwezo uleule, na bado hukupa nafasi mbili tu za ramu na nafasi moja ya kadi ya kuongezea. Bodi ya microATX mara nyingi ina nafasi nne za ramu, na ATX kamili ina nafasi nyingi zaidi za kadi. Pawa saplai nayo ni vivyo hivyo. Makasha mengi madogo hutaka aina iitwayo SFX, yenye upana wa milimita 125 na kimo cha 63.5, ilhali ile ya kawaida ya ATX ina upana wa 150 na kimo cha 86. Nilitumwa kuuliza mafundi wa mjini Machakos. Pawa saplai ya ATX niliiona kwa kila fundi niliyemtembelea, mpya na ya mtumba. Ya SFX nikaambiwa niende Nairobi.

Hapo ndipo nilipoanza kuona uzito wa jambo lenyewe. Nairobi si mbali, ni kama kilomita 65. Lakini kwa mtu mwenye wateja wanaosubiri, safari ya kupanda matatu, kushuka, kuuliza duka baada ya duka katika barabara ya Luthuli, kisha kurudi jioni, ni siku nzima iliyopotea pamoja na nauli.

Hoja ya pili ya mjomba ilikuwa vumbi na joto. Anayejua Machakos anajua vumbi letu jekundu, hasa miezi ya Agosti na Septemba kabla mvua ya vuli haijaanza. Kila gari linalopita kwenye murramu huacha zawadi yake kibandani. Feni huvuta hewa, na ikivuta hewa huvuta vumbi. Vumbi hujikusanya katika mapezi ya kipoza joto hadi likawa kama blanketi, na prosesa ikizidi kupata joto, ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Mteja huona kompyuta inakokota miguu na kusema ni nzee, kumbe imezibwa pua tu.

Katika kasha kubwa mna nafasi ya feni za milimita 120 au 140. Feni ya 120 ina eneo zaidi ya mara mbili ya feni ya 80, kwa hivyo hupeleka hewa ileile ikizunguka polepole, na haipigi kelele. Mna nafasi pia ya wavu wa kuchujia vumbi mbele, na mkono mzima wa mtu huingia na brashi hadi pembeni. Katika kasha dogo vipande vimebanana kama abiria wa matatu ya jioni. Ukitaka kusafisha feni moja, huenda ukalazimika kung'oa pawa saplai kwanza. Jambo ambalo ni gumu kulifanya, wapenzi wasomaji, huwa halifanywi. Huo ndio ukweli kuhusu binadamu.

Palikuwa na njia ya tatu ambayo jirani mmoja alituletea. Alisema tuachane na kuunda, tununue tu kompyuta ndogo ya mtumba, zile zilizotumika maofisini ng'ambo na kuletwa huku. Bei yake ilikuwa poa kweli, na si mbaya kwa mtu anayetaka kuanza leo. Lakini mjomba aliifungua moja mbele yetu akatuonyesha. Katika nyingi za aina hiyo, pawa saplai ni ya umbo lake yenyewe, plagi zake ni za kwake, na hata bodi haifuati mashimo ya kawaida. "Hii ikifa pawa," akasema, "hutafuti dawa. Unatafuta pacha wake." Nikayaandika maneno hayo daftarini nikayapigia mstari.

Majuma mawili yakapita hivyo. Kila jioni baada ya chakula mjadala uliwashwa upya, kaka akiwa kwenye simu na mjomba akiwa kitini. Nilichora jedwali: bei, nafasi, joto, vumbi, vipuri, kubeba. Kasha kubwa liliongoza katika bei, joto, vumbi na vipuri. Dogo likaongoza katika nafasi na kubeba. Lakini jedwali haliamui. Hata kama mistari minne ilikuwa upande mmoja, ule mmoja wa kubeba ungeweza kuizidi yote, maana kompyuta iliyoibwa haina haja ya hewa.

Mama alikuwa kimya muda huo wote, akichambua maharagwe. Jioni moja akauliza, "Hilo kubwa, likijaa kila kitu, ni kilo ngapi?" Mjomba akakisia kumi, labda kumi na mbili. Mama akacheka. Akasema, "Wanangu, mimi nimekua nikibeba mtungi wa lita ishirini kutoka mtoni, mgongoni, kupanda mlima, asubuhi na jioni. Mtungi huo ni kilo ishirini. Leo mnaniambia kilo kumi zitanishinda, tena kwenye njia tambarare?" Akanigeukia mimi. "Na huyu je, kazi yake ni kula tu?"

Sote tukacheka, lakini neno lilikuwa limepita. Uzito tungeubeba. Safari ya Nairobi katikati ya kazi ndiyo ambayo tusingeweza kuibeba. Tukakubaliana kununua kasha kubwa la ATX, na ndani yake tukaweka bodi ya microATX ya bei nafuu, ili kesho tukipata fedha tuweze kuongeza bila kuibomoa nyumba. Kaka akatoa ushauri mmoja wa maana sana: diski iwe ya SSD, ambayo haina sahani inayozunguka ndani, ili mtikiso wa kubebwa kila siku usiiharibu. Kuhusu nafasi, mjomba alitengeneza kigoda cha mbao chini ya meza, kimo cha shubiri mbili, kasha likakaa juu yake badala ya kulala sakafuni ambako vumbi ndiko hukaa. Mimi nikashona mfuko wa gunia wenye mikanda miwili. Naam, tunaibeba mgongoni kama mtungi.

Juma la mwisho la Juni lilitupima. Wasomaji wenye wazazi wanaolipa kodi wanajua kwamba tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kujaza ritani, na kwamba Wakenya hupenda sana kungoja siku hizo za mwisho. Foleni ilianzia mlangoni mwa kibanda ikafika kwa muuza mahindi. Siku mbili kabla ya tarehe hiyo, saa nne asubuhi, stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena. Iliporudi mara ya pili, kompyuta ilikaa kimya kama jiwe. Mama akampigia mjomba simu. Mjomba akaja na bisibisi, akajaribu, akatikisa kichwa. Pawa saplai ilikuwa imekwenda.

Mjomba akapanda boda boda kwenda mjini. Kabla ya saa saba alikuwa amerudi na pawa saplai ya ATX ya mtumba, iliyotolewa katika kompyuta kuukuu ya mtu mwingine kabisa. Skrubu nne, plagi chache, na feni zikazunguka. Waliokuwa wameondoka kwenye foleni wakarudi. Mama alifanya kazi hadi saa nne usiku siku hiyo na siku mbili zilizofuata, na sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyonileta shuleni muhula uliofuata, nikaingia langoni siku ya kwanza pamoja na wenzangu. Baadaye tulinunua kifaa cha kulinda kompyuta dhidi ya stima inayorukaruka, ambacho namshauri kila mtu akinunue mapema.

Lakini Mgala muue na haki yake mpe. Sisemi kasha kubwa ndilo bora popote. Kaka yangu anaishi katika chumba kimoja ambacho kitanda, jiko na meza vimeshikana mikono. Chumba hicho ni cha ghorofani, na vumbi la murramu halifiki. Kipuri kikiharibika, anatembea kwa miguu hadi dukani. Hana foleni ya wateja inayomngoja. Kasha lake dogo linakaa pembeni mwa meza kama kamusi, na ukilitazama unapenda. Kwake yeye kasha kubwa lingekuwa mzigo usio na faida. Alichagua vizuri kwa pale alipo, kama sisi tulivyochagua vizuri kwa hapa tulipo.

Hivyo basi ukisikia mtu akiuliza, "Lipi bora, dogo au kubwa?" usimjibu upesi. Mwulize kwanza maswali haya. Kompyuta itakaa wapi, na hewa ya hapo ikoje? Itakaa mahali pamoja au itahamahama? Ikiharibika, fundi wa karibu ana kipuri chake, au hadi asafiri? Nani ataisafisha, na mkono wake utaingia? Miaka mitatu ijayo atataka kuongeza nini? Na la mwisho, siku moja bila kompyuta itamgharimu kiasi gani? Akishayajibu hayo, kasha litajichagua lenyewe. Rangi, vioo na taa za kumetameta aziache mwisho kabisa, maana nyumba njema si mlango.

Jambo moja zaidi kwa wenzangu mnaofanya somo la Kompyuta. Tumezoea kukariri sehemu za kompyuta kama majina ya milima: prosesa, ramu, diski. Kasha huwa halitajwi, labda kwa kuwa halifikirii chochote. Lakini ndilo linalowapa wote wanaofikiri hewa, kivuli na mahali pa kusimama. Hata katika shule yetu wapo watu kama hao, na sote tunawajua. Wapishi wetu huamka saa kumi za usiku ili sisi tupate uji wa kutufungua akili, na siku ya matokeo ya mtihani hakuna anayewataja.

Nimalizie kwa kutoa mwaliko. Atakayepinga niliyoyasema, na najua wapenzi wa makasha madogo mko wengi katika kidato chetu, aje na hoja zake kwenye mdahalo wa Chama cha Kiswahili muhula ujao. Mwalimu mlezi amekwisha kukubali. Nitakuja na daftari langu lenye lile jedwali, naye aje na lake. Kwa sasa naiweka kalamu chini. Kwaherini, na kila la heri katika mitihani.